Umeme wa Radio ya Motokari

Radio ya motokari haina nguvu yake yenyewe. Inatumia umeme wa batri. Batri ya motokari ndogo ina vyumba sita, na kila chumba chatoa volti 2 na kidogo. Batri iliyojaa, mashini ikiwa imezimwa, ina volti 12.6 hivi. Mashini ikiwaka, alternata yatengeneza umeme, na kipimo chapanda mpaka volti 13.8 ao 14.4.

Umeme hauendi tu, sharti urudi. Unatoka batri kwa waya wa chanya, unapita ndani ya radio, kisha unarudi batri kwa upande wa hasi. Katika motokari njia ya kurudia ni bodi yenyewe, kwa kuwa ni chuma. Mafundi huiita masi. Njia moja ikiharibika, ya kwenda ao ya kurudi, radio itaugua.

Radio nyingi za dukani zina nyaya tatu za umeme. Wa manjano waleta umeme saa zote, ili radio isisahau stesheni. Mwekundu waleta umeme ufunguo ukizungushwa. Mweusi ndio wa masi. Lakini rangi yaweza kudanganya, kama mtu mwingine alikwisha kuunga nyaya ovyo. Basi, pima kwanza.

Tazama mfano huu. Shofere mmoja wa Lubumbashi alitia amplifaya chini ya kiti cha motokari yake. Kila mara ngoma zilipolia kwa nguvu, sauti ilikatika. Rafiki mmoja akamwambia: «Batri imezeeka, nunua mpya.» Mwingine akasema: «Fyuzi ya 30 ni ndogo, tia ya 60.» Shofere alikuwa na feza kidogo, nayo ilikuwa ya masomo ya mtoto wake. Akaenda kwa fundi.

Fundi akamwuliza: «Baba, sauti ikikatika, taa za mbele zinafifia?»

«Hapana, fundi. Zinawaka vema.»

«Basi, batri haina kosa. Weka feza yako mfukoni. Tupime kwanza.»

Fundi akaacha mashini ikiwaka na muziki ukilia kwa nguvu, maana mtu asiyebeba mzigo haonyeshi udhaifu wake. Penye batri alipata volti 13.6. Penye amplifaya alipata 10.4 tu. Volti 3.2 zilipotea njiani. Lakini njia gani?

Akapima kutoka chanya ya batri mpaka chanya ya amplifaya: volti 0.3. Njia ya kwenda ni nzima. Akapima kutoka hasi ya batri mpaka masi ya amplifaya: volti 2.9. Mwizi ameonekana!

Bulo ya masi ilikuwa imekazwa juu ya rangi, na kutu imeingia. Fundi akafungua kwanza hasi ya batri. Akakwangua rangi mpaka chuma king'ae, akakaza bulo, akapaka grisi ili maji yasiingie. Mwishoni akarudisha hasi ya batri. Alipopima tena, amplifaya ilipata volti 13.1. Sauti haikukatika tena, na feza ya mtoto ilibaki.

Volti zinazopotea haziendi bure. Zinageuka kuwa joto. Volti 2.9 zikipotea penye umeme wa ampea 20, joto lake ni wati 58, sawa na taa kubwa ya mbele inayowaka ndani ya bulo moja chini ya kiti.

Na fyuzi ya 60? Fyuzi ni mlinzi. Kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua. Ukubwa wake hufuata unene wa waya. Mtu akitia fyuzi kubwa, ao kipande cha waya mahali pa fyuzi, waya wenyewe ndio utakaoungua, pamoja na kiti na motokari. Fyuzi ya amplifaya ikae karibu na batri, kwa sababu waya ulio mbele ya fyuzi hauna mlinzi.

Kumbuka:
1. Radio imekufa kabisa: angalia fyuzi, kisha pima waya wa manjano, mwekundu na masi.
2. Radio inasahau stesheni: angalia waya wa manjano.
3. Sauti inakatika ikipanda: pima wakati muziki unalia kwa nguvu.
4. Fyuzi mpya inaungua tena: usizidishe ukubwa, tafuta mahali waya umechubuka na kugusa chuma.

Maulizo
1. Kwa nini umeme una njia mbili?
2. Fundi alijuaje kwamba batri haina kosa?
3. Kwa nini alipima muziki ukilia kwa nguvu?
4. Batri ina volti 13.8, amplifaya ina 11.9. Volti ngapi zimepotea? Utazitafuta wapi?