Bibo Halina Bei: Somo la Biashara kwa Mwanafunzi wa Nandagala

Minada ya korosho ghafi ilipofunguliwa Kusini Oktoba 2024, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei iliyokataliwa, Serikali ilitangaza shilingi 3,300 na kuingia yenyewe kununua. Takwimu za namna hii mtu wa Ruangwa anazo kichwani kama jina la mwanawe, na ukikosea hata shilingi kumi atakusahihisha.

Muulize sasa bei ya bibo. Atacheka.

Ndugu msomaji, kila kilo moja ya korosho inayofika ghala la chama cha msingi imeacha chini ya mkorosho kilo nane hadi kumi za mabibo. Mabibo hayo hayana mnada wala stakabadhi ya ghala. Hata mtu wa kangomba, anayenunua kila kitu kwa bei ya njaa kabla ya msimu, hayataki. Kiasi huliwa na watoto, kiasi huanikwa yakawa kochoko, kiasi hugeuzwa uraka, na kiasi huishia kwenye mtambo wa gongo, pombe ambayo sheria imeipiga marufuku. Yanayobaki huoza palepale, na nzi ndio wanaopata faida.

Tunaanzia hapo kwa sababu mtaala mpya, ulioanza kuingia mashuleni mwaka 2024, umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima kwa wanafunzi wa sekondari wa mkondo wa jumla. Zamani mambo ya biashara yalikuwa ya wachache waliochagua mchepuo huo. Sasa mtoto wa mkulima wa Nandagala naye anatakiwa kujua mjasiriamali ni nani. Kumjua kwa maneno si kazi, kwani tafsiri yake hukaririwa kwa siku moja. Kazi inaanza pale mwalimu anaposema: haya, kila mmoja aje na wazo la bidhaa.

Tumchukue mwanafunzi mmoja wa Nandagala. Hatumpi jina maana ni wa mfano, na bei tutakazotumia ni za mfano pia, ila mazingira yake ni ya kweli. Anaishi katika kata ya Wilaya ya Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Mama yake ana mikorosho na shamba la ufuta. Mwanafunzi huyu anatazama mabibo yanavyooza na kusema: nitayakausha, nitayatia sukari, nitayafunga kwenye vifuko, nitauza.

Wazo si baya hata kidogo. Bibo lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Brazili, katika jimbo la Piauí, juisi yake iliyochujwa ikawa ang'avu huitwa cajuína na ni fahari ya watu wa huko. Goa, India, wanatengeneza kinywaji kikali kiitwacho feni, chenye jina linalolindwa kisheria. Hapa kwetu kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekwisha kuonyesha kuwa bibo hutoa juisi, jemu na mvinyo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hajabuni kitu ambacho hakijapata kuonekana duniani, na hilo lisimvunje moyo. Mfanyabiashara halazimiki kuwa mvumbuzi. Anachotakiwa ni kumfikishia mlaji kitu mahali ambapo hakipo.

Mlaji ni nani?

Kosa la kwanza la darasani ni kuuliza wenzako: "Je, mtapenda mabibo makavu yenye sukari?" Wote watanyoosha mikono. Swali hilo halina thamani, maana kupenda hakugharimu kitu. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huuliza: juzi ulinunua nini cha kutafuna, kwa shilingi ngapi, duka gani? Majibu ya hapo ndiyo utafiti wa soko. Niseme kidogo kwamba mimi nilisoma biashara chuoni kwa miaka mitatu, na utafiti wa soko tuliusomea ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha.

Akiuliza hivyo Nandagala atagundua jambo moja upesi: hakuna atakayemlipa. Oktoba na Novemba bibo ni la bure kwa kila mtu mwenye mguu wa kwenda shambani. Huwezi kuuza kitu mahali ambapo malighafi yake inaoza bure. Mlaji wake yuko mbali kwa mahali au mbali kwa wakati. Wa mbali kwa mahali ni abiria wa basi, mtumishi aliyehamishiwa Lindi kutoka bara, mtu wa Dodoma asiyejua mkorosho unafananaje. Wa mbali kwa wakati ni mtu huyohuyo wa Ruangwa, lakini mwezi Machi, mabibo yakiwa yamebaki kumbukumbu.

Aende basi kwa mwenye duka karibu na stendi ya Ruangwa mjini. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unauza nini?"

"Mabibo makavu ya sukari, mama. Onja."

"Matamu. Lakini yanakwaruza. Yatakaa muda gani bila kuvunda? Na mimi utaniachia kwa ngapi?"

Maswali hayo ya mama muuza duka yanazidi mtihani wa muhula mzima. Yako matatu, na kila moja ni mlima wake.

Kukwaruza ni ule ukakasi unaoshika koo na ulimi. Unatokana na tanini iliyomo katika tunda. Kwa juisi, tanini hupunguzwa kwa kuchanganya maji ya wali au wanga wa muhogo, ikaganda na kutuama chini, kisha juisi ikachujwa. Kwa mabibo ya kukausha, huyachemsha kidogo au kuyapika kwa mvuke, wengine huyaloweka kwanza katika maji ya chumvi. Kabla ya yote yaoshwe sawasawa, kwa kuwa mikorosho mingi hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga na hakuna mlaji anayetaka kuila. Tena yaokotwe siku hiyohiyo yalipodondoka. Bibo la jana limeshaanza kuchacha, na kifuko kimoja chenye harufu ya uraka kitamfungia mwanafunzi duka lile kwa mwaka mzima.

Swali la muda wa kukaa linajibiwa na ukavu. Asikadirie kwa macho peke yake. Afunge vifuko vichache, aviweke kabatini, aandike tarehe, afungue kimoja kila wiki mbili na kuandika alichokiona. Wiki kumi na mbili za subira ndizo zitakazompa haki ya kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa inakaa miezi mitatu. Wengi wanaandika kwanza kisha wanaomba Mungu.

Hesabu inayouma

Swali la tatu, la kuachia kwa ngapi, ndilo linalozamisha wanafunzi wengi, na watu wazima pia. Tupige hesabu ya mkupuo mmoja.

Anaokotewa ndoo mbili za lita 20, kwa shilingi 1,000 kila moja: 2,000. Sukari kilo mbili kwa 3,000 kila kilo: 6,000. Chumvi na limau 1,000, kuni 2,000. Vifuko 35 vyenye lebo, kila kimoja 200: 7,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi 4,000. Jumla ni shilingi 22,000. Ndoo hizo mbili ni kama kilo 30; akitupa yaliyobovu na maji yakikauka, kwa kuwa bibo karibu lote ni maji, tuseme anabaki na kilo tatu na nusu. Hivyo ni vifuko 35 vya gramu 100. Akiuza 1,000 kila kimoja anapata 35,000 na kurudi nyumbani akiimba: faida shilingi 13,000!

Faida hiyo haipo. Amefanya kazi siku mbili. Angefanya kibarua kwa jirani kwa 5,000 kwa siku angekuwa na 10,000 mkononi. Kichanja cha mbao na wavu alichokaushia kiligharimu 60,000, na tuseme kitahimili mikupuo 20 kabla wavu haujachanika, basi kila mkupuo unabeba 3,000 ya kichanja. Gharama ya kweli ni 35,000, sawasawa na mauzo. Ametoa vifuko vitano vya kuonjesha? Amepata hasara ya shilingi 5,000. Na bado mama wa duka hajaweka faida yake.

Wengi wakifika hapa hupandisha bei au hukata tamaa. Njia nyingine ni kubadili kipimo. Abiria hanunui gramu, ananunua kifuko cha kutafuna njiani. Mkupuo uleule ukifungwa katika vifuko vya gramu 50 unatoa vifuko 70. Kifuko kidogo chenye lebo tuseme ni 150, hivyo vifungashio vinapanda kutoka 7,000 hadi 10,500, na gharama yote inakuwa 38,500, yaani shilingi 550 kwa kifuko. Amwachie mama wa duka kwa 700, naye auze 1,000. Vitano viende kwa kuonjesha, 65 vinaleta 45,500. Faida ni 7,000, baada ya kujilipa kibarua chake. Akipeleka mikupuo miwili kwa safari moja anaokoa nauli ya safari ya pili, na kila mkupuo unaongezeka 2,000. Kama abiria atakubali kutoa 1,000 kwa gramu 50, hilo haliko katika hesabu. Litajulikana stendi, kwa vifuko kumi vya mwanzo, kabla ya kuchapa lebo mia tano.

Nachingwea ilishalipia ada

Wanaodhani kujaribu kidogo ni woga wakumbushwe Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, sehemu nyingine ukizitazama kutoka kwenye ndege, ukapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Themanini yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 Jimbo la Kusini, Nachingwea ikiwa kitovu. Uingereza ilihitaji mafuta ya kula baada ya vita. Mlaji alikuwepo, tena ana njaa. Kilichokosekana ni majaribio. Udongo haukupimwa vya kutosha, mvua haikuchunguzwa kwa miaka, matrekta yaliyoletwa yalishindwa na visiki. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kubeba karanga ambazo hazikupatikana. Januari 1951 mpango ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikiwa zimepotea. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Waingereza walikuwa na hazina ya taifa ya kufidia. Shilingi 60,000 za kichanja cha mwanafunzi wetu zimetoka kwenye malipo ya ufuta wa mama, fedha ambayo ilishapangiwa sare za wadogo zake na bati mbili za jikoni. Kwa sababu hiyo mimi ningemshauri aanze na mkeka safi na chandarua kipya cha kufunikia, mikupuo miwili tu, kichanja kije baadaye. Mtaji wa nyumba hii hauna bima.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havimwambii, nalo ni kalenda. Mabibo ya Kusini huja Oktoba hadi Desemba. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba. Na mwishoni mwa Novemba mawingu ya mvua huanza kujikusanya juu ya Ruangwa, jua la kukaushia likawa la kubahatisha. Dirisha lake la kazi ni wiki sita au saba, tena za jioni na Jumamosi. Akiwa kidato cha nne asianze kabisa. Amwachie dada au jirani kwa mgawo ulioandikwa kwenye karatasi. Akiwa kidato cha pili au cha tatu, ahesabu mikupuo sita, si ishirini, na hapo gharama ya kichanja kwa kila mkupuo inaruka kutoka 3,000 hadi 10,000. Mwanafunzi ambaye hajaiona kalenda hii atapanga faida ya mikupuo ambayo hataipika.

Kuhusu mikopo: asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu si ya mtoto wa shule, ni ya waliotimiza miaka 18. Asiikimbilie. Alama ya ubora ya TBS nayo ina wakati wake. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Lindi, na barua yake ya utambulisho ndiyo mlango wa kawaida wa mjasiriamali mdogo kufika TBS. Lakini afisa wa SIDO atataka kuona jikoni kwake, maji anayotumia na daftari lake.

Basi aanze na daftari. Ukurasa wa kushoto aandike kilichotoka, wa kulia kilichoingia, na chini yake saa alizofanya kazi. Vifuko vya kabatini viandikwe tarehe. Na kwa mama wa duka apeleke vifuko kumi tu, asimpigie simu kumkumbusha, asubiri aone kama ataagiza mara ya pili mwenyewe, na itachukua siku ngapi.