Maziwa Mgando kwa Mgonjwa wa Saratani

Tunapokwenda kumtazama mgonjwa hatupendi kwenda mikono mitupu. Mmoja huchukua ndizi, mwingine kuku, na akina mama wengi huchukua maziwa mgando. Katika somo la mwezi huu tunataka kuitazama zawadi hiyo ya maziwa, hasa inapopelekwa kwa mtu anayetibiwa saratani. Ni zawadi njema. Lakini ziko siku ambazo yaweza kumtuliza tumbo, na ziko siku ambazo yaweza kumwongezea ugonjwa, na ni vema tujue kuzitofautisha.

Tuanze na tumbo lenyewe. Katika Tanzania saratani inayowapata wanawake wengi zaidi ni ya mlango wa kizazi, na wengi wao hutibiwa kwa mionzi, kama inavyofanyika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hiyo hupigwa sehemu ya chini ya tumbo, kwa kawaida siku tano kila juma, kwa majuma kama matano. Haiwezi kuukwepa utumbo kabisa. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na kwa sababu hiyo huumia upesi. Basi kwenye juma la pili au la tatu wagonjwa wengi huanza kuhara, na tumbo hujaa gesi na kusokota. Dawa za saratani zinazotiwa mshipani nazo zaweza kuleta mambo hayo hayo.

Jambo hili si dogo. Mama aliyetoka Songea au Kigoma, ambaye amefikia kwa ndugu mjini, akihara mara sita kwa siku huogopa kupanda basi. Leo hakwenda, kesho hakwenda, na mwishowe hufunga mzigo wake akarudi nyumbani. Mionzi iliyokatizwa njiani haina nguvu ile ile ya kuponya. Kwa hiyo kumtuliza tumbo mgonjwa ni sehemu ya kumsaidia amalize matibabu.

Sasa, kwa nini maziwa mgando? Maziwa hugandishwa na vijidudu vidogo sana, bakteria wa asidi ya maziwa, ambao mashuhuri kati yao ni jamii ya Laktobasili. Hawa si wa kuleta ugonjwa. Hula sukari iliyo ndani ya maziwa na kutoa ule ukali tunaouonja, na ukali huo huzuia vijidudu vingine vingi visistawi. Siku hizi wataalamu huviita vyakula vyenye vijidudu hai vya namna hiyo probayotiki. Elie Metchnikoff, mtaalamu wa kutoka Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba maziwa machachu ndiyo yaliyowapa wakulima wa Bulgaria maisha marefu. Bibi zetu wafugaji hawakumngoja awaambie wayanywe.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Utumbo ulioumizwa na mionzi hupungukiwa na kile kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Mgonjwa akinywa glasi ya maziwa mabichi au ya kuchemsha tu, sukari ile hupita bila kusagwa, naye huhara zaidi. Katika maziwa mgando sehemu ya sukari imekwisha kuliwa, na vijidudu vilivyomo husaidia kusaga iliyobaki. Ndiyo sababu mtu asiyeyaweza maziwa ya kawaida mara nyingi huyaweza ya mgando, kidogo kidogo, nusu kikombe kwanza.

Je, wataalamu wamehakikisha? Mwaka 2014 muongozo wa kimataifa wa madaktari ulipendekeza Laktobasili kwa ajili ya kuzuia kuhara kwa watu wanaotibiwa saratani za nyonga, kwa mionzi au kwa dawa. Lakini uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio mengi pamoja, uliona kwamba ushahidi bado ni dhaifu. Tena mengi ya majaribio hayo yalitumia vidonge na unga wa hospitali, si maziwa ya kibuyuni. Kwa hiyo tuseme wazi: maziwa mgando ni chakula kinachoweza kulisaidia tumbo. Hayaponyi saratani, na anayeyauza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Sasa tufike kwenye hatari. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Mara nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo hata vijidudu vyema vyaweza kupenya utumbo uliojeruhiwa na kuingia katika damu, ingawa hutokea kwa nadra. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea, tumwombe mgonjwa amwulize muuguzi: "Damu yangu inaruhusu maziwa mgando?" Akiambiwa hapana, tupeleke kitu kingine bila kununa.

Na hata anaporuhusiwa, yasiwe ya maziwa mabichi yaliyoachwa yagande yenyewe. Maziwa mabichi huweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, na tusidhani kwamba ukali wa kuganda huviua vyote. Njia iliyo salama ni hii. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yatokote. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kama joto la mwili. Koroga ndani yake vijiko viwili vikubwa vya mtindi mzuri wa dukani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, ufunike, na uweke mahali penye joto usiku kucha. Chombo na kijiko vioshwe kwa maji yaliyochemka. Kibuyu, jamani, tukiache nyumbani. Hakisafishiki vya kutosha kwa mgonjwa wa namna hii.

Wako watakaouliza habari za uji wa kuchachua. Ule unaochachushwa kwanza kisha ukapikwa hauna tena vijidudu hai, maana moto umeviua. Hata hivyo ni mlaini, na waweza kumfaa mgonjwa ambaye kinywa chake hakina vidonda. Togwa ni tofauti: hupikwa kwanza, ndipo hutiwa kimea kibichi cha ulezi, kwa hiyo ina vijidudu hai, vizuri na pengine vibaya. Wakati chembe za damu zimeshuka tusimpe. Wala asitokee mzee wa kutuambia kwamba mbege nayo imechachuka.

Anayehara anahitaji maji na chumvi kabla ya mtindi. Kama pakiti za dawa ya maji ya kuhara hazipo, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu, anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akiona damu katika choo, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.