Chuja Barua Taka Bila Kupoteza Barua Zako

Wanaoumizwa zaidi na barua taka ni wale wanaosubiri jambo: mwombaji wa kazi, mfanyabiashara anayedai malipo, mzazi anayengoja majibu ya chuo. Kikasha kikijaa matangazo ya bahati nasibu na mikopo ya haraka, barua moja ya maana huzama chini na tarehe ya mwisho ikapita. Usumbufu huu ulianza zamani. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, alituma tangazo la biashara kwa mamia ya watu kupitia mtandao wa ARPANET, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa barua taka ya kwanza.

Huduma kama Gmail na Outlook huchuja zenyewe. Hupima iwapo mtumaji ndiye kweli anayejitaja, na huzingatia malalamiko ya watumiaji wengine. Kwa hiyo barua taka ikipenya hadi kwenye kikasha chako, usiifute tu. Iripoti kuwa ni taka, ili mfumo ujifunze. Zinazobaki zizuie kwa vichujio vyako mwenyewe.

Kutengeneza kichujio kwenye Gmail

Tumia kivinjari, ikiwezekana kwenye kompyuta, kwa sababu programu ya Gmail ya simu haina sehemu hii. Bonyeza alama iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia, juu ya ukurasa. Fomu itafunguka. Jaza anwani ya mtumaji, au maneno yaliyomo kwenye barua, kisha chagua kuunda kichujio na useme barua hizo zifanywe nini.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu huandika neno "hongera" au "malipo", akaamuru kila barua yenye neno hilo ifutwe. Lakini barua ya kuitwa kazini nayo huanza na "Hongera", na mteja mwaminifu huandika "malipo". Anza na anwani, si maneno. Na mwanzoni usichague kufuta. Zipe barua hizo lebo, tuseme "Mashaka", zisipite kwenye kikasha, kisha uzikague kwa wiki mbili. Ukiona hakuna ya maana iliyonaswa, hapo futa kwa amani. Kumbuka kwamba Gmail huondoa kabisa kilichokaa siku 30 kwenye Taka au Tupio.

Kichujio hulinda pia. Kwa anwani ya chuo, mwajiri au benki yako, chagua barua zake zisipelekwe kwenye Taka kamwe. Kabla ya hapo soma anwani herufi kwa herufi. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz, na za Kenya .go.ke. Anayejiita ofisa wa kodi huku anwani yake ikiishia na gmail.com, mtilie shaka.

Kichujio usichokiweka wewe

Tunaomba usome sehemu hii kwa makini. Mwizi akipata nywila yako, anaweza kukuwekea kichujio kimyakimya: kila barua yenye neno "ankara" inakwenda kwake, na kwako inafutwa. Kisha anamwandikia mteja wako kwa jina lako, akimpa namba mpya ya akaunti ya benki. Mteja analipa, wewe unaendelea kusubiri. Kubadili nywila hakukiondoi kichujio hicho.

Leo hii fungua mipangilio ya barua pepe yako. Angalia sehemu ya vichujio na anwani zilizozuiwa, kisha sehemu ya kusambaza barua kwa anwani nyingine. Ukikuta usichokitambua, piga picha ya skrini kama ushahidi, kiondoe, badili nywila, na washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha wapigie simu wateja wako, usiwaandikie, uwaambie wasilipe kwenye akaunti yoyote mpya kabla hawajasikia sauti yako.