Naibu wa Amiri: Mafunzo ya Vita vya Muta

Alhamdulillahi. Ama baada ya hayo, ndugu zetu, wengi wetu hudhani kuwa unaibu ni jina la heshima apewalo mtu ili asikasirike kwa kukosa ukubwa. Dhana hii ni potofu, na katika mambo ya vita huangamiza watu. Jeshi lisilo na naibu lina roho moja tu: akiuawa amiri, nalo limekwisha.

Tutazame vita vya Muta. Mwaka wa 8 Hijria (629), Mtume (S.A.W.) alipeleka Sham jeshi la watu 3,000. Uamiri alimpa Zayd bin Haritha, na papo hapo akabainisha kuwa akiuawa Zayd, ashike Jaafar bin Abi Talib; na akiuawa Jaafar, ashike Abdullah bin Rawaha. Walipofika Muta, katika nchi iitwayo leo Jordan, walikutana na jeshi la Warumi na Waarabu wafuasi wao, kubwa mno kuliko lao. Akauawa Zayd, akaishika bendera Jaafar. Akauawa Jaafar, akaishika Abdullah, naye akauawa. Hapo Thabit bin Aqram akaiinua bendera, wala hakujitakia ukubwa, bali aliwataka watu wachague mtu. Wakamchagua Khalid bin Walid, ambaye kusilimu kwake hakujatimia mwaka. Khalid akaliondoa jeshi katika hatari ile, akalirudisha Madina.

Katika kisa hiki na vilivyofuata twapata mafunzo matatu.

La kwanza: naibu hutajwa kabla ya haja, tena mbele ya watu. Lau Mtume (S.A.W.) hakuipanga zamu ile, watu wangalishindana nani ashike bendera, na adui yu juu yao.

La pili: naibu yapasa ajue alijualo amiri, yaani safari ni ya wapi, chakula ni kiasi gani, na shabaha ni ipi. Aliyefichwa mambo hawezi kuyaendesha siku aachiwapo. Ndiyo sababu hata majeshi ya leo humshirikisha naibu katika mashauri yote, kisha wakati wa mapigano humweka mbali na mkuu wake, wasije wakauawa pamoja kwa pigo moja.

La tatu, nalo ndilo zito: naibu akubali kuwa chini. Mwaka ule ule wa 8, Abu Ubayda bin al-Jarrah, Mwislamu wa zamani, alipelekwa na watu 200 kumsaidia Amr bin al-As, aliyesilimu juzi tu, katika safari ya Dhat al-Salasil. Amr akashika kuwa yeye ndiye amiri. Abu Ubayda alikuwa ameusiwa wasihitilafiane, basi akamwachia, akaswali nyuma yake. Kisha mwaka wa 13 (634) Sayyidna Umar akamwondoa Khalid katika uamiri wa Sham, akamweka Abu Ubayda huyo huyo. Khalid hakutoka na watu wake, wala hakufanya fitina. Alibaki akipigana chini ya yule aliyekuwa jana chini yake.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nahodha mmoja asiye na wa kushika usukani akiugua, chombo hicho nacho hupanda mwamba. Je, madrasa na misikiti yetu ikoje? Mara ngapi mwalimu hufariki, na hapana ajuaye hati za wakfu ziko wapi, wala nani adaiwa nini, na baada ya mwaka mlango una kufuli? Na mara ngapi naibu hugeuka kuwa mpinzani, akingojea mkubwa wake ateleze?

Basi kila mwenye jambo la watu mkononi mwake amtaje wa pili wake leo, amfunze, amwonyeshe daftari. Na aliyetajwa awe tayari kwa mawili: kuishika bendera ianguakapo, na kuiacha mkononi mwa mwenziwe maadamu haijaanguka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.