SOMO LA VIKUNDI: KABLA YA KULIPIA GARI KUUKUU



Vikundi vingine hapa Garbatulla vinaweka akiba ili vinunue gari ya kubeba unga na abiria, na kumfikisha mama mjamzito Isiolo usiku. Wazo ni zuri. Lakini pesa mlizochanga kwa miaka zinaweza kuisha kwa fundi katika wiki moja, kwa hiyo tujifunze kuikagua gari kwanza.

Tuchukue Prado za dizeli za 1996 hadi 2002. Nyingi zina injini ya lita 3 yenye tabo, ile mafundi wanaiita 1KZ. Ni injini yenye nguvu, ila haivumilii kuchemka. Chini ni chuma, na kifuniko cha juu, yaani silinda hedi, ni aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma. Maji yakipungua, hedi hupinda au kupasuka. Sasa fikirieni jua letu, gari imejaa, iko gia ndogo kwenye mchanga wa njia ya Kula Mawe, na rejeta imeziba!

Basi nendeni kwa muuzaji asubuhi mapema, bila kumpigia simu. Gusa boneti. Ikiwa na joto, ameiwasha kabla hamjafika. Rudini siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (usifungue kamwe injini ikiwa moto, maji yatakuchoma uso). Maji yenye kutu au mafuta ni dalili mbaya. Tazama na oili: ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha washeni. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta yanaonyesha kwamba hewa ya moto inapenya kutoka ndani ya silinda. Hapo shukuruni, mwende zenu, hata akipunguza bei. Kama hakuna dalili, iendesheni saa nzima ikiwa imejaa watu, mkiuangalia mshale wa joto. Kuzunguka soko mara moja hakuonyeshi kitu.

Vumbi pia ni adui. Filta ya hewa ikipuuzwa, vumbi hula tabo na ringi za pistoni. Moshi wa buluu unaonyesha oili inaungua. Rangi mpya isiwadanganye. Kwenye tairi soma tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Jina kwenye kitabu cha gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na mhakikishe kwa NTSA kabla ya pesa kutoka. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo Prado hizi zimeshapita mikono mingi.

Maswali ya kujadili:
1. Tukishalipa bei, tutabaki na shilingi ngapi za rejeta, mipira ya maji na tairi?
2. Nani atapima maji na oili kila asubuhi, na dereva akikataa kusimama mshale ukipanda, tutamfanya nini?