Njia Nyingi, Shina Moja

Katika elimu ya hadithi tunafundishwa kuuliza: habari hii imepita kwa nani? Mafundi wa simu nao wana swali kama hilo.

Unapopiga simu, kabla ya sauti kupita, mitambo hupelekeana ujumbe mfupi: nani anapiga, na anampigia nani. Ujumbe huo huitwa ishara. Katika mfumo wa SS7 ishara zina njia zake, mbali na za sauti. Zikikatika, simu haziungiki hata kama njia za sauti ni nzima.

Kwa hiyo mtambo huunganishwa na vituo viwili vya kuelekeza ishara. Kwa kawaida kila kiungo hubebeshwa asilimia 40 hivi ya uwezo wake, ili kimoja kikikatika, kilichobaki kibebe 80 bila kuzidiwa.

Lakini fundi mwangalifu hahesabu viungo tu. Huangalia vinakutana wapi. Viungo viwili vikichomekwa kwenye kadi moja, kadi ikiungua vyote vimekwenda. Vikitengwa kadi lakini vikapita mtaro mmoja, jembe moja linatosha kuvikata.

Tena kuna pa kukutania pasipoonekana. Tarehe 15 Januari 1990, swichi moja ya AT&T huko New York, Marekani, ilipata hitilafu ndogo, ikajirekebisha, ikawajulisha jirani zake kuwa imerudi. Ujumbe huo uliamsha kosa lililojificha katika programu yao, nao wakaanguka. Kila aliyeinuka akamwangusha mwingine. Swichi 114 zilitaabika kwa muda wa saa 9 hivi. Njia mbadala zilikuwepo, ila swichi zote ziliendesha programu ile ile, yenye kosa lile lile.

Turudi darasani. Hadithi ya nia, inayofungua Sahihi Bukhari, ilipokewa na watu wengi kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari. Lakini juu yake njia iliyothibiti ni moja: Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, kutoka kwa Alqama bin Waqqas, kutoka kwa Umar bin Khattab (r.a.). Wanazuoni hawakuuona wingi wa chini wakaiita mutawatiri, kwa sababu mutawatiri huwa na wingi katika kila tabaka. Wala hawakuikataa. Walimchunguza kila mpokezi, wakamkuta madhubuti, wakaihukumu kuwa sahihi.

Basi usiku wa kutafuta mwezi, habari kwamba umeandama ikitufikia kutoka makundi kumi ya WhatsApp, tusidhani tumepata mashahidi kumi. Tuifuate hadi shinani. Tukimkuta mtu mmoja tu, tuulize: ni nani, na je, aliuona kwa macho yake? Kwa madhehebu ya Shafii, muadilifu mmoja aliyeuona anatosha kutuingiza katika Ramadhani. Makundi kumi yasiyojua yalikoipata habari hayatoshi.

Wabillahi tawfiiq.