Majani Makavu: Mali Tunayoichoma



Kila mwaka, yapata Julai hadi Septemba, miti ya miombo toka Tabora mpaka Masasi na Tunduru huangusha majani yake. Wengi wetu huyaona kuwa ni takataka, tukayatia moto. Katika somo hili tutazame majani hayo huozaje, na kwa nini majira na kivuli vina nguvu juu ya kazi hiyo.

1. Wafanya kazi

Jani halijiozeshi lenyewe. Huozeshwa na bakteria, ukungu, mchwa, jongoo na wadudu wengine. Mwisho wa kazi yao ni mboji, udongo mweusi unaoshika maji na kulisha mizizi. Majani ya miombo ni magumu, tena yana tanini, ile dawa kali itumikayo kutengenezea ngozi. Kwa hiyo huoza polepole kuliko majani laini ya kunde.

2. Majira

Wakati wa kiangazi bakteria na ukungu hulala kwa kukosa maji. Mchwa peke yao huendelea, kwa sababu ndani ya kichuguu mna unyevu. Hubeba majani makavu hadi chini ya ardhi. Ndiyo maana wakulima wengi hupenda kupanda juu ya kichuguu cha zamani. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, wote huamka na majani huoza upesi. Wakati huohuo mbegu zetu zinaota na kutaka chakula.

3. Kivuli

Mvua ikikatika siku chache, majani yaliyo mahali peupe hukauka mara moja na kazi husimama. Chini ya miti ardhi hubaki baridi na unyevu hukaa, hivyo kazi huendelea. Ni kweli kwamba jua kali nalo huvunja majani, lakini sehemu yake hupotelea hewani, na vumbi lake huchukuliwa na upepo. Basi anayekata miti yote hupoteza majani, na pia kivuli cha kuyaozeshea.

4. Moto

Tukichoma Septemba au Oktoba, karibu majani yote yamekwisha anguka na kukauka. Moto huwa mkali mno. Naitrojeni nyingi huenda na moshi. Jivu hubaki, lakini mvua ya kwanza huweza kulisomba, kwa kuwa ardhi iko uchi. Mahali ambapo moto hauepukiki, afadhali uwe wa Mei au Juni, nyasi zingali na ubichi na majani mengi yangali mtini.

5. Jaribio

Mvua zikikaribia, tushone mifuko miwili ya chandarua kikuukuu na kutia majani makavu yenye uzito sawa. Mmoja tuulaze chini ya mti, wa pili mahali peupe. Mwezi wa Aprili tuyatoe majani, tuyakung'ute udongo, tuyakaushe na kuyapima tena. Watoto wafanye hesabu wenyewe.

Maswali ya kujadili

(a) Kwa nini mchwa hufanya kazi hata kiangazi?
(b) Katika shamba lako, ni miti gani ingefaa iachwe isimame?
(c) Mwaka huu majani ya uwanja wetu yatakwenda wapi: motoni au shambani?